Mfuko wa Kupoozea Insulini: Je, Unamfaa Mwanafunzi wa Tanga?

Mfuko ninaoutathmini hapa ni ule wa kitambaa ambao ndani ya kuta zake kumeshonewa chembechembe zinazonyonya maji na kuvimba hadi kuwa kama jeli. Mzazi huuloweka katika maji safi kwa dakika chache, huufuta kwa nje, hutia ndani chupa au kalamu ya insulini (dawa ya sindano ya kushusha sukari; kalamu ni bomba dogo lililokwisha kujazwa dawa), na tangu hapo mfuko hujipooza wenyewe kwa kadiri maji yanavyofuka kupitia kitambaa, bila umeme, bila barafu na bila betri. Nilimnunulia binti yangu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye aligundulika mwaka jana na Januari hii amerudi shuleni kuanza darasa la nne, akiwa anahitaji sindano ya mchana kwa kuwa hukaa shuleni hadi alasiri. Ninawaandikia hasa wazazi wa Tanga mjini na wa mwambao kwa jumla, kwa sababu maelezo yaliyo kwenye pakiti hayakumfikiria mtu anayeishi kandokando ya bahari, na mzazi wa huku akiyachukua kama yalivyo atautegemea mfuko kwa kazi usiyoiweza.

Nguvu yote ya mfuko huu imo katika kukauka kwake. Maji yanapofuka huondoka na joto, na hewa ikiwa kavu hufuka kwa haraka, hivyo kilichomo ndani hupoa sana. Hewa yetu si kavu. Shule hufunguliwa Januari, katikati ya kaskazi, wakati joto la mchana hupita nyuzi 30 na unyevunyevu ni mwingi kiasi kwamba hata nguo zilizoanikwa kivulini huchelewa kukauka. Niliweka kipimajoto kidogo ndani ya mfuko na kingine pembeni yake, barazani, mahali penye kivuli na upepo: nje palikuwa na nyuzi 32, na ndani ya mfuko joto lilishuka hadi nyuzi 27 au 28 likasimama hapo. Siku ya mawingu mazito, hewa ikiwa imetulia, tofauti ilipungua zaidi. Ndugu zetu wa Handeni, ambako hewa ni kavu kuliko pwani, wanautumia mfuko wa aina hiyohiyo na wanausifia kwa ubaridi ambao mimi sijawahi kuupata. Mfuko wao hauna ubora wowote wa ziada. Wamebahatika hali ya hewa tu.

Je, nyuzi 27 zinatosha? Kwa chupa ambayo imekwisha kufunguliwa na inatumika kila siku, zinatosha. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, yaani ndani ya friji, na kwa akiba hiyo mfuko huu haufai; asije mtu akahifadhi humo chupa za miezi miwili kwa sababu tu friji yake imeharibika. Lakini chupa inayotumika, kwa aina nyingi za insulini ya binadamu, yaani ile inayotengenezwa ifanane na ya mwili wa mtu, huruhusiwa kukaa nje ya friji kwa wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Isitoshe, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, uliofuata hali halisi ya joto katika kambi za Dadaab kaskazini mwa Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa. Mimi nitaendelea kufuata karatasi inayokuja na dawa pamoja na maagizo ya kliniki, na ninamshauri kila mzazi afanye hivyo. Hata hivyo, matokeo hayo yaliniondolea hofu kubwa niliyokuwa nayo kwamba saa chache za darasani zingeigeuza dawa ya mtoto kuwa maji matupu.

Kwa hiyo faida ya kweli ya mfuko huu, kwa hapa kwetu, ni kuikinga insulini dhidi ya joto la ghafla zaidi kuliko kuifanya iwe baridi. Binti yangu hupelekwa shule kwa baiskeli, kama watoto wengi wa mji huu, na mkoba wake hukaa juani njia nzima kutoka Makorora. Yako pia mazoea ya kuacha mikoba ndani ya gari lililofungwa vioo huku mzazi akiingia dukani, na gari la namna hiyo likiachwa juani hupata joto ambalo hakuna insulini inayoweza kulistahimili kwa muda mrefu. Katika mazingira kama hayo mfuko uliolowa hufanya kazi nzuri sana, kwa sababu maji yaliyomo kwenye jeli huchukua muda kupata moto, na upepo wa baiskeli husaidia kuyakausha.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi, nalo ndilo linaloamua kama fedha zako zimekwenda vizuri au zimepotea, ni mahali mfuko utakapokaa ukishafika shuleni. Mfuko huu unahitaji hewa. Mzazi akiufungia ndani ya mfuko wa plastiki ili madaftari yasilowe, au akiutia katika kopo la chakula lenye kifuniko, maji hayafuki tena na upoozaji hukoma kabisa, ingawa ukiushika utauona bado umelowa na kuamini kwamba unafanya kazi. Ukiachwa wazi katikati ya vitabu, nao utavilowesha. Tulichokubaliana na mwalimu wa darasa ni kwamba mfuko utundikwe kwenye msumari nyuma ya meza yake, karibu na dirisha lakini mbali na jua, na mabomba ya sindano yabaki makavu katika kikopo chake mwenyewe.

Haikuwa rahisi kufika kwenye msumari huo. Mwalimu, kwa wema wake, aliniambia, “Mama, ofisini tuna friji, ilete dawa tuiweke humo.” Nilimjibu, “Nashukuru sana mwalimu wangu, lakini naomba tuliangalie pamoja.” Friji ile ilikuwa ya kupoozea maji ya kunywa, na sehemu yake ya juu iligandisha kila kilichowekwa. Insulini iliyoganda imekwisha kuharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama zamani, wala hakuna njia ya kuirudisha. Zaidi ya hayo, ofisi hufungwa kwa ufunguo walimu wanapokuwa kwenye kikao, na mtoto anayehitaji sindano kabla ya chakula hawezi kusubiri kikao kimalizike. Mwalimu alielewa mara moja. Ninaona hapo ndipo mfuko ulipolipa gharama yake kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa ulituwezesha kuiweka dawa pale alipo mtoto, mbele ya macho ya mtu mzima anayemjua.

Sindano zenyewe binti yangu hujidunga mwenyewe, mwalimu akimsimamia na kuhakiki kipimo alichokivuta kwenye bomba. Kwa mtoto mdogo zaidi nisingekubali utaratibu huo, na kwa mtoto ambaye daktari amempangia insulini ya mchanganyiko, yaani ya haraka na ya polepole pamoja, asubuhi na jioni hakuna sababu ya dawa kwenda shuleni hata kidogo. Mzazi wa mtoto kama huyo asishawishike kununua mfuko. Aulize kliniki kwanza, kisha fedha hizo azipeleke kwenye stripu za kupimia sukari, ambazo ndizo huisha upesi na ambazo mtoto wa shule huzihitaji zaidi kuliko wa nyumbani, kwa maana michezo, kukimbizana wakati wa mapumziko na chakula kilichochelewa huishusha sukari bila kubisha hodi.

Nitalisisitiza jambo hilo hata kama linaonekana kunitoa kidogo kwenye mfuko, kwa sababu nimewaona wazazi wanaohangaikia ubaridi wa insulini wakati mtoto hana hata kipande cha glukosi mfukoni. Hatari inayoweza kumpata mtoto wa kisukari kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana ni sukari ya damu kushuka chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), na dalili zake, yaani kutokwa jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuzubaa au kukasirika bila sababu, mwalimu asiyeambiwa ataziona kuwa ni utundu au uvivu. Dawa yake ni kitu chenye sukari inayoingia mwilini haraka: glukosi, juisi, soda ya kawaida, au sukari iliyokorogwa katika maji kwa kiasi ambacho kliniki imempangia, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kashata haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu mafuta ya nazi au ya karanga huichelewesha sukari. Mtoto aliyepoteza fahamu asitiwe chochote kinywani. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali. Maelezo hayo niliyaandika kwa herufi kubwa katika ukurasa mmoja, nikayatia katika mfuko mdogo wa nje ambao watengenezaji wameuweka kwa ajili ya kadi, na ninawapongeza kwa wazo hilo. Sukari yenyewe, hata hivyo, isikae humo ukutani. Ikae kwenye mfuko wa sare ya mtoto.

Kuhusu njia mbadala sina mengi ya kusema. Mtungi wa udongo uliojazwa maji, kama ule ambao bibi yake ameuweka ukumbini, hupoza kwa kanuni ileile ya mfuko na kwa gharama ndogo, na kwa nyumba isiyo na friji ningeuchagua mtungi kabla ya mfuko. Tatizo ni kwamba hauendi shule. Chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyotiwa vipande vya barafu huwa baridi kuliko vyote viwili, lakini ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwani chupa ya insulini ikigusana na barafu inaweza kuganda na hakuna atakayejua.

Kwa upande wa uimara, mishono ya mfuko wetu bado imara na jeli haijavuja. Unahitaji kuangaliwa: ukiachwa umelowa mwishoni mwa wiki ndani ya kabati hutoa harufu ya uvundo, na kwa hewa yetu huchukua siku kadhaa kukauka kabisa hata ukitundikwa nje. Ukilowekwa kupita kiasi hufura hadi nafasi ya ndani inabana na chupa haiingii, jambo linalomsumbua mtoto mwenye haraka ya asubuhi. Sisi huuloweka usiku kwa muda mfupi kuliko ulioandikwa kwenye pakiti, kisha huuacha juu ya taulo hadi alfajiri.

Bei yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia kwa kitu cha kitambaa, na hapa mjini sikuupata katika maduka ya dawa niliyouliza. Ilibidi uagizwe Dar es Salaam. Atakayeagiza aangalie saizi kabla ya kulipa. Mifuko mingi ya aina hii imekatwa kwa ajili ya kalamu za insulini, ambazo ni nyembamba, ilhali watoto wengi wa kwetu hutumia chupa za mililita 10, ambazo ni nene na haziingii katika mfuko mdogo ukishavimba. Saizi ya kati inachukua chupa mbili bila kubana, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mtoto anayejidunga sindano shuleni.