Raccolta ya shangazi, na zile "siku 300" nilizozihesabu vibaya

Mgongoni mwa kitabu zimebaki herufi nne tu za dhahabu: RACC, mwanzo wa Raccolta, kitabu cha zamani cha sala za Wakatoliki. Nyingine zimelika. Ukurasa wa jina haupo, ngozi nyeusi ya jalada imechunika pembeni, na utepe uliokuwa mwekundu sasa haueleweki ni rangi gani. Kitabu kimenirudia mwaka huu ndani ya sanduku la marehemu shangazi yangu, aliyekuwa mtawa. Nilikitambua kabla sijakifungua, maana mimi na hiki kitabu tuliwahi kufanya biashara.

Nilikuwa na miaka tisa. Shangazi akija likizo alikuwa anasalia humo, kwa Kiingereza, na akikiacha mezani mimi nakifunua. Chini ya sala, kwa maandishi madogo ya mlazo, kulikuwa na idadi: siku 100, siku 300, miaka saba na karantini saba. Binamu yangu mkubwa, ambaye hakuwahi kukosa jibu la swali lolote, akanieleza kwamba hizo ndizo siku unazopunguziwa toharani, kule roho inakotakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Nikatafuta daftari. Ishara ya msalaba: siku 50. Ishara ya msalaba kwa maji ya baraka: siku 100. Mtu mwenye akili angefanya nini? Jumapili ile nilichovya kidole mlangoni mwa kanisa, nikachovya tena, nikachovya tena, hadi mzee mmoja akanishika bega na kunisogeza. Kufikia Jumamosi nilikuwa nimeshajiwekea miaka kadhaa. Shangazi aliliona daftari. Akalisoma lote, uso mkavu, akachukua penseli, akaizungushia jumla moja na kusema, "Hapa umesahau kubeba moja." Akanirudishia.

Hakuongeza neno. Kwa hiyo nilizeeka na elimu ya binamu.

Safari hii nilitaka kwanza kujua umri wa kitabu, na kwa kuwa ukurasa wa jina haupo, nilimuuliza Bikira Maria. Sitanii. Litania ya Loreto, ile sala ya kumwita Maria kwa majina yake mengi, huongezewa maneno na mapapa kadiri miaka inavyokwenda, hivyo ukiisoma kwa makini inakutajia mwaka. Katika nakala yangu "Mama wa Shauri Jema" yumo. Huyo aliingizwa na Leo XIII mwaka 1903. "Malkia wa Amani" hayumo; Benedikto XV alimwingiza mwaka 1917, vita vikiwa vinawaka. "Malkia uliyepalizwa mbinguni" ni wa 1950 na "Mama wa Kanisa" wa 1980, hao wala usiwatafute. Ile sala ya Fatima tunayoisali mwisho wa kila kumi la rozari haipo, na Matendo ya Mwanga ya rozari, ya mwaka 2002, hayakuwa hata ndotoni. Papa wa mwisho kutajwa ni Pius X, aliyefariki Agosti 1914. Basi kitabu kilichapwa kati ya 1903 na miaka ya vita. Ni kikubwa kuliko shangazi mwenyewe, na maana yake naye alikirithi kwa mtu.

Raccolta ni neno la Kiitaliano, maana yake mkusanyo, yaani wa sala zilizopewa rehema: msamaha wa adhabu ambayo dhambi iliyokwisha kuondolewa bado inaidai. Cha kwanza kilitoka Roma mwaka 1807 kwa kazi ya Telesforo Galli, na Waingereza wakakipata kwa lugha yao mwaka 1857 kupitia padre Ambrose St John wa Oratorio (jumuiya ya mapadre) ya Birmingham, yule rafiki wa Kardinali John Henry Newman waliyezikwa naye kaburi moja. Lakini kilichonifungua macho zaidi ni sababu ya mkusanyo wenyewe. Rehema za uongo zilikuwa zimezagaa: karatasi zinazoahidi miaka maelfu kwa sala ya dakika mbili, na jina la papa fulani limebandikwa juu. Roma iliunda idara ya kuzichuja mwaka 1669, na mwaka 1678 ikatoa orodha ndefu ya zilizopigwa marufuku. (Zile zilizofungamanishwa na fedha, kisa cha ugomvi wa Luther, Pius V alikuwa ameshazifuta mwaka 1567.) Galli akakusanya zile halali peke yake, kila moja na papa wake na tarehe yake. Ile mistari ya mlazo niliyoifanya bei ilikuwa stakabadhi. Chini ya Litania hiyo hiyo ya Loreto, kwa mfano: siku 300, Pius VII, 1817.

Na siku zenyewe? Hapa ndipo nilipomkumbuka binamu kwa uchungu. Kanisa la karne za mwanzo lilimpa mwenye dhambi kubwa toba ya hadhara: miezi au miaka ya kufunga, kulia na kukaa mbali na komunyo. Karthago, katika karne ya tatu, baada ya dhuluma ya kaisari Decius, waliokuwa wameikana imani kwa woga walitaka kurudi, wakaenda kuomba barua kwa ndugu waliofungwa gerezani kwa ajili ya Kristo. Barua ile ilisema, kwa kifupi, mateso yangu yamsaidie huyu. Askofu Sipriani alihangaika nazo sana, kwani nyingine ziliandikwa ovyo ovyo. Lakini wazo lilikuwa limeshazaliwa: toba ya mmoja inaweza kupunguzwa kwa sababu ya upendo wa mwingine, na mwenye kupunguza ni Kanisa. Hivyo "siku 300" ni thamani ya siku 300 za toba ile ya kale. "Karantini" ni siku 40 za mfungo kama wa Kwaresima. Hazikuwa siku za toharani hata kidogo. Binamu alichukua kipimo cha duniani akaenda kupimia mahali pasipo na kalenda, na mimi nikamtunzia hesabu.

Inaonekana hatukuwa peke yetu, maana mwaka 1967 Paulo VI aliziondoa siku na miaka moja kwa moja, na mwaka uliofuata kitabu kipya rasmi cha rehema kikachukua nafasi ya Raccolta. Sasa kuna rehema kamili, inayoondoa adhabu yote, na rehema isiyo kamili, inayoondoa sehemu tu, basi. Kwa ile isiyo kamili, kanuni ni kwamba tendo lako lina stahili yake kulingana na upendo uliolitenda nalo, na Kanisa linakuongezea kiasi hicho hicho. Piga hesabu ya yule mtoto mlangoni: anachovya kidole mara ishirini, Mungu hamkumbuki hata mara moja. Sifuri mara ishirini, halafu uizidishe mara mbili.

Nimesali nacho miezi mitatu mfululizo. Uzuri wake mkubwa ni sala fupi, zile za pumzi moja, ambazo unaweza kuzisema ukiwa kwenye foleni bila mtu kujua. Ile sala mbele ya Yesu msulubiwa nayo imenishika kuliko nilivyotegemea. Nyingine, kusema ukweli, zimenishinda. Kiingereza chake ni cha zamani, sentensi inaanza hapa na kumalizikia ukurasa wa pili, na baadhi zina machozi mengi kiasi kwamba najiona mwongo nikizitamka asubuhi nimeamka vizuri. Nimeziruka, bila aibu. Maandishi ni madogo pia. Mwenye macho yangu atahitaji taa nzuri.

Pahali pamoja palinichekesha. Papa Klementi XII, mwaka 1736, alitoa siku 100 kwa atakayepiga magoti na kusali Zaburi ya 130, "Toka vilindini", kuwaombea marehemu, kengele ikilia saa ya kwanza ya usiku. Msomaji wa Kizungu anahitaji kuelezwa kwamba Waitaliano wa wakati huo walihesabu saa tangu jua kuzama. Mswahili haelezwi kitu: ni saa moja usiku. Nadhani ni mara ya kwanza maishani nimesoma kitabu cha Roma nikajiona mwenyeji. (Humo zaburi hiyo ni ya 129, kwa hesabu ya Biblia ya Kilatini, usishangae.)

Kama unafikiria kutafuta nakala, usiitumie kujua ni rehema gani zipo leo. Masharti yamebadilika. Ile sala ya Msulubiwa, kwa mfano, kitabuni imeandikiwa rehema kamili siku yoyote. Sasa ni kamili Ijumaa za Kwaresima ukiisali baada ya komunyo, siku nyingine si kamili. Sala zenyewe hazijaisha muda wake. Pia uwe mwangalifu na nakala za kupiga chapa upya. Niliagiza moja nimpe rafiki, ikaja imekatwa pembeni vibaya hadi mistari ya mapapa na tarehe imeliwa nusu, na faharasa inakupeleka kurasa ambazo si zenyewe. Mchapaji hakujibu barua yangu. Matoleo haya ya zamani hayana tena hakimiliki, kwa hiyo picha za kurasa zinapatikana bure kwenye intaneti, safi kuliko kile nilicholipia. Rafiki yangu nimempa hizo.

Cha kwangu nakipa nyota nne. Ya tano naikatalia maandishi.

Juzi saa moja nilifungua ile Zaburi ya 130 chini ya taa ya meza badala ya ile ya ukutani, na pembeni mwa ukurasa nikaona kitu ambacho miezi mitatu sikukiona: vijistari vya penseli, hafifu sana, vimepangwa vitano vitano kwa mkono wa mtu mtaratibu, toka juu hadi chini, vikageuka na kuendelea upande wa pili. Nimevihesabu mara mbili. Ni 212, na hakuna jumla iliyoandikwa popote.