Canon EF 50mm f/1.8 STM kwenye maonyesho ya magari: kwa nembo sawa, kwa gari zima tafuta uwanja

Hii ndiyo lenzi ambayo wauza kamera humpa karibu kila anayetaka kuachana na ile lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera. Ilitoka mwaka 2015, ina gramu 160, na bei yake iko chini ya karibu lenzi zote za Canon zenye uwazi wa f/1.8 (uwazi ni tundu la kupitisha mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kwa picha za harusi haina ubishi. Kwenye magari, ubora wake uko kwenye vitu vidogo: nembo, taa, rimu, saa za dashibodi. Gari zima ni habari nyingine.

Tatizo ni nafasi. Kwenye kamera ya Canon yenye sensa (kipande kinachopokea picha) ya upana wa milimita 22.3, Peugeot 404, gari lenye urefu wa mita 4.4 hivi, litajaza picha ukiwa mita 10 kutoka ubavuni. Ukitaka kubakiza nafasi kidogo mbele na nyuma, rudi hadi mita 12. Sasa nenda Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, maonyesho ambayo klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo imekuwa ikiyaandaa tangu 1970, utafute mita 12 zisizo na mtu mchana. Hupati. Ama ufike mapema kabla uwanja haujajaa, ama ubebe pia lenzi ya EF-S 24mm f/2.8 STM ya gramu 125, inayoona pana zaidi na ambayo gari hilohilo inalimaliza kwa mita 5 au 6. Usikimbilie milimita 18 ya ile 18-55: ukisogea hadi mita 2, pua ya gari inavimba na nyuma inasinyaa, na mwenye Jaguar E-Type hatakushukuru.

Ila ukipata hizo mita 12, umbo la gari linatoka sahihi kabisa, bila kuvutwa. Weka f/5.6, fokasi kwenye taa iliyo karibu nawe, na gari lote litatoka kali.

Kwa karibu ndiko pesa yako inakorudi, lakini si kwa f/1.8. Lenzi inakubali kusogea hadi sentimita 35 zikipimwa kutoka kwenye sensa, na hapo f/1.8 inakupa kina cha takriban milimita 2 tu zinazotoka kali. Nembo kwenye boneti iliyopinda itatoka nusu safi, nusu ukungu. F/8 inakupa milimita 8 hivi, zinazotosha nembo nyingi. Kasoro kubwa zaidi iko kwenye kromu. Bampa la gari la kale likipigwa na jua, uwazi mkubwa huacha utando wa zambarau mbele ya fokasi na wa kijani nyuma yake. Ukifika f/2.8 unapungua, ukifika f/4 umekwisha karibu wote. Supakaa isiyo na kromu itakufichia kasoro hii. Mercedes ya miaka ya 1960 itaianika.

Jua lenyewe pia linataka mpango. Maonyesho hayo ya Ngong kwa kawaida huwa mwishoni mwa Septemba, na siku hizo saa sita na nusu mchana jua la Nairobi liko utosini kabisa: boneti na paa vinaungua kwa weupe pichani, ubavu unabaki kivulini. Gari zima lipigwe asubuhi. Mchana shughulika na vipande.

Filta ya polaraiza ya milimita 49 inafaa sana hapa, mradi ujue mipaka yake. Inakata mng'ao kwenye kioo na kwenye rangi ukiwa umesimama kwa mshazari, kama nyuzi 35 kutoka usawa wa kioo; ukisimama uso kwa uso nacho haifanyi kitu. Kromu haiguswi. Vioo vya pembeni na vya nyuma vinaweza kuonyesha madoa ya buluu. Si uchafu, ni mkazo uliobaki ndani ya kioo kilipokazwa kwa joto, kwa hiyo zungusha filta irudi nyuma kidogo. Wala usiue mng'ao wote kwenye gari jeusi, kwa sababu mng'ao huo ndio unaochora mistari ya bodi.

Filta hiyo hunyonya mwanga, hivyo hukufanya upige kwa kasi ndogo zaidi, na mara moja moja hilo ni msaada. Taa za LED za magari mapya huwaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoona. Ukipiga kwa 1/1000 ya sekunde, baadhi ya vitaa hutoka vimezima. Kwenye jua kali, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, f/8 na 1/125 filta ikiwa mahali pake hukaa sawa, na taa hutoka zimewaka zote.

Vipo vijikero. Mdomo wa mbele hutoka nje lenzi inapolenga karibu, na kwenye kamera nyingi ukizima hapohapo unabaki nje, tayari kugongwa na bega la mtu. Lenga mbali kwanza, ndipo uzime. Kikinga-jua cha ES-68 kinapokea kishindo badala ya mdomo huo, lakini huuzwa peke yake, na kikiwa kimefungwa hufiki kwenye filta kuizungusha. Pete ya fokasi haifanyi kazi kamera ikiwa imezimwa. Kitulizi cha mtikisiko hakuna.

Ukinunua ya mtumba, angalia usiuziwe toleo la II kwa bei ya STM. La II ni la mwaka 1990: kitako cha plastiki, filta ya milimita 52, na halisogei karibu zaidi ya sentimita 45. STM ina kitako cha chuma na imeandikwa STM mbele. Ifunge kwenye kamera hapohapo dukani, lenga kitu cha karibu kisha cha mbali, uone mdomo unatoka na kurudi bila kukwama.