Magunia 40 yaliyogeuka 80: uzoefu wangu na Nginx

"Mwanangu, mbona magunia yangu 40 yamekuwa 80?" Simu ilitoka Kibaigwa, msimu wa mavuno, kwa mzee anayenunua mahindi na kuyaandika kwenye mfumo niliomtengenezea. Mimi nilikuwa nyumbani Area C, Dodoma mjini. Nilishtuka, maana hesabu ile ndiyo anayowalipia wakulima.

Nilikimbilia logi (daftari la matukio) ya makosa ya Nginx, programu ya seva inayopokea maombi kutoka mtandaoni na kuyapitisha kwa programu yangu. Haikuwa na kitu. Baadaye nilielewa: mteja, yaani simu iliyotuma ombi, akiondoka, Nginx hailihesabu hilo kuwa kosa la seva. Inaliandika katika ngazi ya info (taarifa tu), na logi ya makosa usipoigusa huanzia ngazi ya juu zaidi, error (kosa). Ushahidi niliukuta kwenye logi ya maombi, namba 499. Namba hiyo haimo katika kanuni za HTTP, lugha ya mawasiliano ya wavuti, ni ya Nginx yenyewe, na maana yake ni kwamba mteja amefunga muunganisho kabla hajajibiwa. Kwa hili pekee naisifu sana, kwa sababu najua papo hapo nani kaondoka na nani kaangushwa na programu yangu.

Kilichotokea ni hiki. Mzee alibonyeza Tuma, mtandao ukasuasua, akafungua ukurasa upya na kutuma tena. Nginx ilipoona ombi la kwanza limeachwa, ikakata pia muunganisho wake na programu yangu ya Python iliyo nyuma yake. Lakini programu ilikuwa imeshahifadhi magunia 40, ikabaki na jibu lisilo na wa kulipokea. Ombi la pili likaongeza 40 mengine.

Nikawasha mpangilio wa Nginx uitwao proxy_ignore_client_abort, nikadhani nimemaliza. Wapi! Mpangilio huo unaiacha programu imalize kazi hata mteja akiondoka, basi. Marudio yaliendelea. Dawa ilikuwa kwenye programu yangu: sasa simu inatunga namba ya pekee kwa kila mzigo, na seva ikiiona namba hiyo mara ya pili hairekodi tena, inarudisha jibu lilelile la mwanzo.

Naipa Nginx nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya 200, namba ya HTTP inayosema ombi limefanikiwa. Simu ikizimika ghafla, hakuna taarifa ya kufunga inayofika kwenye seva. Jibu fupi linaingia kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya Linux, mfumo endeshi wa seva, Nginx inaandika 200, kumbe mteja hajaona hata herufi. Najua ndivyo TCP, njia ya kusafirisha data mtandaoni, ilivyo, ila nyaraka zingelisema hilo kwa herufi kubwa ningeokoa wiki nzima ya kuiamini 200 kama risiti.

Wiki iliyopita mzee alibonyeza Tuma mara tatu kwa mzigo mmoja. Mara zote mbili za mwisho alisoma: "Mzigo huu umeshapokelewa, magunia 25."