Giaboksi ya gari yetu ya familia, na kijana aliyemtaka "mzee"

Nilitaka kuandika haya tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, lakini kila nikishika simu mkono unanitetemeka kwa hasira, basi leo nimekaa nayaandika yalivyo. Kama unatafuta gari ya familia, zile za Kijapani zilizoinuka, viti saba, giaboksi ya oto ya mkanda (ile wanayoiita CVT), mie nakwambia USINUNUE. Jina siliandiki, wenye nazo watajijua. Huko chini nitasema na mengine maana gari yenyewe naipenda na hilo ndilo linaloniuma zaidi, lakini shika hilo kwanza.

Mambo ya injini na saizi ya buti kayatafute mwenyewe, yamejaa kila pahali. Sisi tuliichukua Mombasa imeshuka melini, imekaribia ile miaka 8 ambayo sheria yetu hairuhusu gari kuingia ikiipita, yaani ishatumika Japani mpaka wenyewe wameichoka, na hakuna karatasi hata moja ya kukuonyesha oil ya giaboksi ilibadilishwa lini. Muuzaji aliniangalia machoni akaniambia, "Hii oil ya giaboksi haiguswi, ni ya maisha." Nikamuamini. Na mwaka wa kwanza na wa pili wallahi sikuwa na neno. Malindi Mombasa ni kilomita 120 hivi na nilikuwa nikienda na kurudi siku moja bila kuumwa mgongo, foleni ya Mtwapa unakaa umetulia, hujui imebadilisha wapi wala lini, inakwenda kama dau lililopata upepo wa nyuma. Watoto wanalala nyuma. Mama mkwe mwenye miguu inayofura anaingia na kutoka bila kushikwa mkono. Kwa hiyo msinambie siijui gari, naijua.

Sasa. Mama mkwe alikuwa ana hamu ya Maulidi ya Lamu, asili yake ni huko na miaka kadhaa hajenda, mara korona mara mguu mara usalama wa njia. Mwaka huu tukasema tunakwenda. Kashona buibui jipya, watoto wamenunuliwa kanzu, mie nikaona kabla ya safari ndefu kama ile nipeleke gari sevisi na nisipeleke chini ya mwembe, nipeleke gereji kubwa ya Mombasa, ile yenye vigae na kahawa ya bure na vijana wa shati jeupe. Nikamwambia yule kijana wa mapokezi kwa mdomo wangu: asubuhi ikiwa baridi gari inatetemeka kidogo ikiwa kwenye spidi ya 20, 30, na kuna mlio, naomba muangalie giaboksi. Akaandika. Jioni nikalipa, akanipa risiti ndefu, akasema, "Madam, tumebadilisha oil zote, hata ya giaboksi, nenda Lamu hata Somalia." Nikamshukuru!

Tukatoka Malindi alfajiri. Daraja la Sabaki, Mambrui, poa. Kufika kule kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni nikaanza kusikia ule mlio umekuwa mwingine, kama nyuki walio ndani ya mzinga, ukipanda na mwendo. Nikazima redio. Mama mkwe akaniuliza, "Kwani kuna nini, mwanangu?" nikamwambia hakuna kitu mama. Baada ya Marereni nikataka kupita lori, nikakanyaga mafuta, injini ikapiga ukelele, mshale wa mizunguko ya injini ukaruka mpaka 5 na gari HAIENDI. Iko pale pale pembeni mwa lori, inapiga kelele tu, na mbele naona basi linakuja. Sijui nilirudi vipi nyuma ya lile lori. Huko nyuma watoto wako kimya kabisa, na watoto wangu hawajui kukaa kimya.

Nikaendelea polepole nikidhani ni joto tu. Tulipopita Minjila ndio ikakata tamaa kabisa. Taa ya injini ikawaka ya manjano, mafuta nakanyaga mpaka chini mguu unagusa kapeti, na spidi ni 40, haipandi, inashuka. 30. 25. Wale walioipita njia ile ya kwenda Gamba na Witu wanajua kwamba lami siku hizi ni nzuri lakini si njia ya kusimama simama, na mie niko na mama wa miaka sabini na kitu na watoto watatu na jua la saa nne. Nikaiweka kando chini ya mkwaju. Ukigusa boneti unaungua. Askari waliokuwa wakipita wakasimama, Mungu awabariki, wakakaa nasi mpaka ikapoa, dakika arubaini hivi, nikawasha, ikakubali kama haina neno! Kilomita kumi, taa tena. Hapo ndipo nikajua Lamu hatufiki.

Ndugu wa mama mkwe walikuwa nyuma yetu na gari yao, wakasema tumchukue mama na watoto mpaka Mokowe wapande boti, wewe rudi. Watoto wakaenda. Mama akakataa kushuka. Kashika ule mkanda wa kiti, akasema hawezi kumwacha mtoto wa kike njiani peke yake, na Maulidi yapo mwakani akijaaliwa. Tukageuza. Minjila mpaka Malindi tuliingia isha imeshaadhiniwa, tunakwenda 40, tunasimama ipoe, tunakwenda, na njia nzima tasbihi yake inalia tik tik tik pembeni yangu na hakunilaumu hata neno moja. Usiku ule akatumiwa video ya matwari pale msikiti wa Riyadha, Lamu, akaitazama kitandani amevaa lile buibui jipya. Mie nikatoka nikakaa uani.

Nikaita brekdauni ikaipeleka Mombasa, elfu 15 hizo. Nikafika kwa yule kijana wa shati jeupe nikamueleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Nilipokuwa katikati ya maneno akaniuliza, "Madam, mzee yuko wapi tuongee naye?"

Mzee yuko Doha kikazi. Gari naendesha mimi, sevisi nalipa mimi, na nimeanza kuendesha pikapu ya marehemu baba kubeba nazi kutoka shamba huyu kijana hajazaliwa, mchanga wote wa Mambrui naujua. Nikamwambia niambie mimi. Akacheka, akamgeukia mwenzake, akasema wamama wana tabia ya kukanyaga breki na mafuta pamoja ndio maana hizi giaboksi zinaungua, halafu akanambia giaboksi imekufa, ninunue nyingine iliyotolewa Japani, laki 1 na elfu 80, kuifunga ni pesa nyingine mbali. Na wallahi, nilipokuwa chooni, akampigia baba watoto! Namba ameipata kwenye fomu. Baba watoto yuko kazini kwa watu anaambiwa mkeo ameunguza giaboksi. Nimetukanwa mara nyingi katika maisha yangu lakini hili mpaka leo nikilikumbuka kifua kinabana.

Nikaivuta gari tena Malindi, elfu 15 nyingine. Huku Barani kuna fundi mmoja mzee, chini ya mwembe kweli, hana vigae. Nilipomwambia tu "ilitoka sevisi" akaniuliza risiti iko wapi. Nikamtolea, akavaa miwani, akapitisha kidole chenye grisi mstari kwa mstari akasimama kwenye herufi tatu: ATF. Akanitazama. "Mwanangu, hii ni oil ya oto za zamani, za gia. Ya kwako si hii." Nikamuuliza kwani oil si oil, akanieleza vizuri kuliko mtu yeyote aliyevaa tai. Anasema ndani ya hii hakuna zile gia za kupanda na kushuka, kuna puli mbili zinazofunguka na kujifunga na mkanda wa chuma unaozizunguka, kama mkanda wa kinu cha kusaga unga. Mkanda ule lazima ubanwe sawasawa na puli, ukiteleza tu imekwisha, na oil yake imetengenezwa kwa hilo, ilainishe, ipoze, na papo hapo ifanye chuma kishike chuma. Ukitia ile ya gia mkanda unateleza, ukiteleza unapata moto, ukipata moto kompyuta ya gari inakata nguvu yenyewe ili isijiue. Ndio ile 40 yangu. Gari ilikuwa inajiokoa na mie nilikuwa naitukana.

Akaifungua mbele yangu. Oil ikashuka kwenye galoni la mafuta ya kupikia lililokatwa, nyeusi kama kahawa tungu, inanuka kuungua. Halafu akateremsha sampo, lile bakuli la oil la chini ya giaboksi, ndani kuna sumaku ndogo za kunasa chuma, akaichomoa moja akanipa mkononi. Imevaa tope jeusi laini kabisa. Akanambia sugua. Nikasugua kwa kidole gumba, ikatandaa kama wanja, na juani ikametameta. "Huo ndio mkanda wako," akasema. Mkanda wangu na puli zangu, ziko kwenye kidole changu kama wanja.

Akasafisha, akabadilisha filta, akatia oil yenyewe iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, tukatembeza siku mbili, akaimwaga akatia tena, kwa sababu ukifungua boliti hutoka lita 4 na kitu tu, nyingine inabaki ndani inakuchafulia ile mpya. Makopo yale si rahisi, oil peke yake ilinitoka zaidi ya elfu 20. Akanambia wazi, mkanda umeshakwaruzwa, hakuna oil ya kuurudishia ngozi, lakini kama Mungu akipenda utakwenda. Na kwa joto letu na mchanga wetu nisingoje zaidi ya kilomita elfu 40 kubadilisha, anayekwambia ni ya maisha muulize maisha ya nani.

Ikaenda. Mpaka Kilifi na kurudi, haikulia, haikukataa. Nililia kwenye usukani pale Matsangoni.

Nikajaza ile oil chafu kwenye chupa ya maji, nikachukua risiti, nikapanda matatu mpaka Mombasa. Matatu, sikutaka gari yangu iguse mlango wao. Nikamuwekea yule kijana juu ya meza. Akaitazama, akasema hiyo oil mmeweka nyinyi wenyewe huko kwenu. Nikamuonyesha herufi tatu kwenye risiti yao yenye muhuri wao, akasema hayo ni maandishi ya kompyuta tu. Akaja bosi wake, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe nikadhani huyu ataona haya, akanambia atanipunguzia asilimia 10 sevisi ijayo. Sevisi ijayo! Nikamuuliza mama mkwe wangu atampunguzia asilimia ngapi ya Maulidi. Akanyamaza.

Kwa hiyo nimeanza kwa kusema usinunue, na nikisoma tena naona nimeionea gari. Gari haikunikosea. Ukiwa na fundi muaminifu na pesa ya oil yake, nunua, utafurahi. Lakini pia kwa nini mtengenezaji auze kitu ambacho kopo moja la oil isiyo yake linakiua, akakileta kwenye nchi ambayo watu wengi wanakipata kikiwa kimeshakula miaka yake kwa mwingine? Hapana, usinunue. Tafuta ile ya zamani yenye gia zake, itakunywa mafuta zaidi lakini utafika Lamu. Na mie mwenyewe nikiambiwa niuze hii leo sitauza, mama amezoea kile kiti.

Jana asubuhi ilitetemeka tena kidogo kwenye 20, sekunde mbili tatu, ikaacha. Nimezima redio tangu hapo, naendesha nikisikiliza. Fundi amesema nimletee Jumamosi.

Baba watoto anasema niisahau. Ile chupa iko kwenye dirisha la jikoni, tope limeshuka chini, na sitaitupa mpaka yule kijana apige simu yangu mie, si ya Doha, na aseme samahani.