Jumba la Ufaransa kwenye chupa ya baba yangu

Naandika bado nina hasira, na hasira yenyewe ina wiki kadhaa sasa. Ofisi siitaji jina. Iko mjini Dodoma, wanabuni na kuchapa kadi za harusi, mabango, stika za bodaboda, na lebo. Niliwapelekea kazi ya lebo za chupa 80 za waini, kwa ajili ya jubilei ya miaka 50 ya ndoa ya wazazi wangu.

Kwanza mjue ndani ya chupa zile kulikuwa na nini. Baba analima zabibu Mpunguzi tangu mimi sijazaliwa. Zake ni zile nyekundu za aina ya Makutupora. Anavuna mara mbili kwa mwaka kama wenzake wa huku, na miaka yote hiyo zabibu zake zinaondoka shambani kwenye kreti, zinachanganywa na za watu wengine, basi, habari yake imeishia hapo. Kuna misimu mnunuzi hakutokea, zikaozea kwenye waya tunaziangalia. Hajawahi kushika chupa yenye jina lake. Safari hii tulitenga kreti zake peke yake, mtengenezaji mmoja mdogo akatukamulia na kututengenezea, tukapata waini ya shamba lile na si lingine.

Kwa hiyo lebo ilikuwa ndiyo shughuli yenyewe. Nilimpelekea mbunifu picha niliyopiga mwenyewe: mistari ya mizabibu, udongo mwekundu, na mbuyu ulio nyuma ya shamba, ambao baba hupumzika chini yake mchana. Juu jina lake, chini "Mpunguzi, Dodoma". Hakuna kingine. Akanitumia sampuli kwenye simu, mbuyu upo, maandishi yamekaa vizuri, rangi ya udongo imetoka. Nilifurahi, nikamwonyesha mdogo wangu, nikalipa nusu siku hiyohiyo. Chupa niliziacha kwao kwa sababu walisema watabandika wenyewe ili zisikae upande.

Nikazichukua Ijumaa jioni, misa ni kesho yake asubuhi. Nikafungua boksi nyumbani usiku.

Mbuyu haupo. Pale kwenye mbuyu kuna jumba la mawe lenye minara, bustani imepunguzwa majani, na mizabibu ya kijani iliyoinama kwenye kilima. Chini wameandika "Cabernet Sauvignon", jina la zabibu za Kifaransa, si za baba. Pembeni kuna alama ya TBS, Shirika la Viwango, ambayo mimi sikuiomba na sina haki nayo, maana alama ile unapewa leseni ya kuitumia baada ya bidhaa kupimwa. Ni dhahiri alichukua lebo ya mtu mwingine, akafuta jina, akaandika la baba yangu.

Nikampigia usiku uleule. "Kaka, mbuyu wangu uko wapi?"

"Dada, picha yako ilikuwa inapasuka. Nikakuwekea nzuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Kazi zilikuwa nyingi. Halafu mbuyu kwenye waini unashusha hadhi, dada. Watu watadhani dawa ya mganga."

Maneno hayo yamenikaa kifuani mpaka leo. Kijana amezaliwa Dodoma, mibuyu anapita chini yake kila siku, halafu anaona aibu kuiweka kwenye chupa! Kule Bordeaux, Ufaransa, jumba kwenye lebo lina maana: ndilo shamba zilikotoka zabibu, wenye shamba wanaonyesha kwao. Kwetu ni mbuyu. Baba yangu hana mnara.

Nisimwonee. Kuhusu picha alikuwa na haki. Nilimtumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na ikipita huko inabanwa, ubora unapotea. Kwenye simu inaonekana safi, ikienda kwenye mashine inavunjika vipande vipande. Ningeituma kama dokumenti ingefika nzima. Hilo nimejifunza, na wewe ukipeleka kazi yako fanya hivyo. Lakini simu yangu ilikuwa hewani wiki nzima. Dakika moja tu angenipigia.

Tulijaribu kuzibandua usiku ule, mimi na mdogo wangu, kwenye beseni la maji ya moto. Hazikutoka. Tukatumia kisu, ikawa tunakwangua vipande vidogo vidogo na kuacha gundi nyeusi kwenye kioo. Kesho yake ukumbini zilikaa kwenye barafu tangu saa saba mchana mpaka usiku, hakuna hata moja iliyoinuka kona, wino haukumwagika. Lazima niseme ukweli: kwa kazi ya mashine sijaona wa kuwafikia hapa mjini. Na yule binti anayebandika, nilipokwenda kulalamika Jumatatu, ndiye pekee aliyesema "pole mama, tumekukosea". Akachukua kalamu akanichorea mbuyu kwa mkono nyuma ya risiti, mzuri kuliko picha yangu. Mwenye ofisi alikuwa amekaa palepale, hakunyanyua macho kwenye kompyuta. Nusu iliyobaki alikuwa ameshaichukua.

Nilikuwa nimeshaanza kusema moyoni nitawarudia, maana stika ni imara na bei yao, 1,500 kwa lebo, si mbaya. Halafu nakumbuka pale mezani. Baba aliletewa chupa ya kwanza, akavaa miwani, akaigeuza polepole. Akasoma jina lake. Akaweka kidole kwenye picha, akaniuliza kwa upole, "Mama, hii nyumba ya nani?"

Hapana, sirudi. Msiende, au mkienda mtafuteni yule binti, na msiondoke kabla hamjaiona lebo moja imetoka kwenye mashine mkaishika mkononi.

Zimebaki chupa 14. Nimezizungushia karatasi za kaki na kuandika kwa mkono jina la baba na Mpunguzi. Ule mchoro wa risiti nimeupeleka kwa mchapaji mwingine, na safari hii nitakaa pembeni ya mashine.