Bodi gani ununue ukitaka kujifunza kuunda saketi zako mwenyewe

Anayetaka kuandika programu tu, bodi yoyote ya mikrokontrola, yaani chipu moja inayofanya kazi kama kompyuta ndogo, itamfaa. Anayetaka kuunda saketi, yaani kuchora bodi yake, kuiagiza, kuilehemu na kuiwasha, aulize jambo moja kabla ya bei: vilivyomo ndani ya bodi hii ninaweza kuvijenga upya kwa mkono wangu? Bodi nne zilizo hapa chini zimepangwa kwa kigezo hicho. Zinapatikana kwenye maduka ya elektroniki ya Kariakoo, mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, au kwa kuagiza mtandaoni.

1. Arduino Uno R3 yenye chipu ya kuchomoa

Wengi wanaidharau kwa sababu ni ya zamani. Ni kweli: chipu yake, ATmega328P, ni ya biti 8, inakwenda kwa megahezi 16 na ina RAM ya kilobaiti 2 tu. Lakini ina miguu 28 iliyoachana vya kutosha, imekaa kwenye soketi, na unaweza kuichomoa leo ukaipachika kwenye bredibodi, ubao wa matundu wa kuunganisha saketi bila kulehemu, leo hiihii. Kwa mwanafunzi wa saketi, hakuna bodi nyingine hapa inayompa hilo.

Ili isimame peke yake, chipu hiyo haihitaji mengi. Weka kristali ya megahezi 16 kati ya pini 9 na 10, na kutoka kila moja ya pini hizo kapasita ya pikofaradi 22 kwenda graundi (upande wa volti sifuri). Rezista ya kiloomu 10 iunganishe pini 1, ya riseti (kuianzisha chipu upya), na volti 5. Pini 7 na 20 zote zipate volti 5. Pini 8 na 22 zote ziende graundi. Kisha kapasita za nanofaradi 100, moja kati ya pini 7 na 8, nyingine kati ya 20 na 22.

Anayeanza husahau pini 20, kwa sababu bila hiyo chipu huonekana inafanya kazi. Baadaye vipimo vya analogi vinayumba, naye anabadilisha sensa tatu bila mafanikio. Zile kapasita za nanofaradi 100 nazo zikae jirani kabisa na pini, si mwisho wa bredibodi. Rilei inapobofya au mota inapoanza kuzunguka, volti huzama kwa muda mfupi mno kiasi kwamba multimita haioni kitu, ila chipu inajiwasha upya. Kapasita iliyo karibu ndiyo inayoziba pengo hilo.

Dukani, angalia chipu kwa macho. Kuna R3 zenye chipu ndogo ya mraba iliyolehemiwa moja kwa moja, na hiyo haichomoki. Uno R4 ya mwaka 2023 ina chipu tofauti kabisa, ya Renesas. Kopi za bei nafuu zinafaa kwa kazi hii. Nyingi hutumia chipu ya USB iitwayo CH340 kuongea na kompyuta, hivyo huenda ukahitaji kusakinisha draiva yake. Nunua pia ATmega328P mbili za ziada na uulize kama zina butiloda, programu ndogo inayoiwezesha chipu kupokea programu zako. Zikiwa tupu, Uno yenyewe inaweza kuzipakia: weka kwanza programu ya ArduinoISP kwenye Uno, halafu kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya riseti na graundi ya Uno hiyo, mguu hasi ukiwa graundi. Bila kapasita hiyo Uno hujiriseti kila kompyuta inapofungua mawasiliano, na upakiaji unashindikana.

2. ESP32 DevKit yenye moduli ya WROOM-32

Hii iwe bodi yako ya pili, na kwa anayehitaji Wi-Fi au Bluetooth ndiyo ya kwanza. Sifa yake kwa mwanafunzi ni kwamba moduli ya WROOM-32, ile yenye kifuniko cha bati, huuzwa pia peke yake. Sehemu ngumu ya redio imeshafanywa. Wewe unachora kinachoizunguka.

Makosa hurudi palepale. La kwanza ni umeme: redio inaporusha mawimbi huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla, kwa hiyo regyuleta yako (kipuri kinachoshusha na kutuliza volti) ya volti 3.3 iweze kutoa angalau miliampea 500, na kapasita ya maikrofaradi 10 au zaidi ikae karibu na moduli. La pili ni antena: usiache shaba yoyote chini yake, na moduli ikae ukingoni mwa bodi. La tatu ni GPIO12 (GPIO ni pini za kuingiza na kutoa ishara). Pini hiyo ikikuta volti wakati wa kuwaka, chipu huchagua volti 1.8 kwa ajili ya fleshi, kumbukumbu inayohifadhi programu, na bodi haiwaki kabisa. Rezista moja uliyoiweka bila kujua inaweza kukupotezea siku nzima. GPIO34 hadi 39 ni za kupokea tu, hazina rezista za ndani.

DevKit ni pana na hufunika karibu bredibodi yote. Nunua bredibodi mbili uziweke sambamba.

3. Raspberry Pi Pico

Ilitoka Januari 2021 kwa dola 4, ina viini viwili na RAM ya kilobaiti 264. Ni bodi bora sana, na kampuni imetoa faili za KiCad (programu ya kuchorea saketi) za saketi ndogo ya chipu yake, RP2040, ambazo kila mwanafunzi azisome. Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu chipu yenyewe ina miguu 56 iliyobanana kwa nafasi ya milimita 0.4, pedi nyingine iko chini ya tumbo, na fleshi lazima iwekwe nje. Kwa bodi ya kwanza, hiyo ni nyingi mno. Ila kingo za Pico zimekatwa ili ilehemiwe juu ya bodi yako kama moduli. Usiingize volti 5 kwenye pini zake za GPIO.

4. STM32

Hii ni familia ya chipu za kampuni ya STMicroelectronics; Nucleo na Blue Pill ni bodi zinazozibeba. Chagua Nucleo, si Blue Pill. Blue Pill nyingi zina chipu za kuiga, na baadhi zina rezista isiyo sahihi kwenye USB. Nucleo-64 ina ST-LINK, kifaa cha kupakia programu kwenye chipu, ndani yake: ukitoa jampa mbili, unaitumia kupakia programu kwenye bodi uliyoichora mwenyewe.

Vya kununua pamoja na bodi

Acha vifurushi vya sensa 37. Pesa hiyo inunue multimita, chuma cha kulehemu chenye kurekebishwa joto, flaksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika), kichunguzi cha mawimbi cha njia 8 kinachofanya kazi na programu ya bure ya PulseView, na chanzo cha umeme chenye kikomo cha mkondo. Kebo ya USB iwe ya data; ya kuchajia tu huwasha taa ya bodi lakini kompyuta haioni kitu.

Kuchora, tumia KiCad, ni ya bure. Kabla ya kuagiza, chapisha mchoro kwenye karatasi kwa kipimo cha asilimia 100 na uweke vipuri halisi juu yake. Mguu usiolingana na tundu utauona hapo, kabla hujalipia bodi tano na usafiri ambao mara nyingi hugharimu kuliko bodi zenyewe.

Bodi zikifika, weka kikomo cha miliampea 100 kwenye chanzo cha umeme kabla ya kuwasha ile ya ATmega. Ikiwa nzima haifiki miliampea 30. Volti ikizama na mkondo ukagonga kikomo, zima, kisha tafuta kwa multimita mahali volti 5 na graundi zilipogusana. Mara nyingi ni tone la lehemu kati ya miguu miwili.