Nilichokikuta katika jengo la maduka: tathmini baada ya kwenda mara tatu

Mwezi huu nimekwenda mara tatu katika jengo moja la maduka lililoko upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, mara mbili peke yangu na mara moja nikiwa na mama yangu, kwa nia ya kununua pasi ya umeme na, pamoja na hilo, kuona kama jengo hilo bado linastahili safari. Jina lake naliacha kwa makusudi. Ninayoyaeleza yanafanana na hali ya majengo kadhaa ya aina hiyo jijini, na sipendi wapangaji wachache waliobaki humo, ambao wanajitahidi kwa kadiri ya uwezo wao, wabebe lawama isiyo yao.

Niseme kwanza kwamba jengo lenyewe ni safi. Mlinzi wa getini anakagua mikoba kwa adabu, maegesho yana nafasi hata Jumamosi mchana, na ukishapita mlango wa vioo unapokelewa na ubaridi ambao mtu aliyetoka kwenye daladala ya saa nane mchana anaujua thamani yake. Mashine za benki za kutolea fedha ziko nne na zote zilikuwa zikifanya kazi. Vyoo vina maji na sabuni. Kwa mtu anayetembea na mtoto mdogo au mzazi mzee, mambo haya si ya pembeni, kwa sababu katikati ya jiji letu ni vigumu kupata mahali pa kukaa kivulini bila kulazimika kuagiza soda.

Baada ya hapo ndipo macho yanapoanza kuona mengine. Nilihesabu fremu thelathini na moja katika ghorofa ya chini, na kumi na tatu kati ya hizo zilikuwa zimefungwa, vioo vyake vimebandikwa karatasi za kaki kwa ndani. Katika nne nyingine hakuna duka tena: moja ni kliniki ya meno, mbili ni ofisi za wakala wa safari na bima, na ya nne ni chumba cha mazoezi ya viungo. Ngazi za umeme za kupanda zilikuwa zinatembea, na za kushuka zilikuwa zimesimama mara zote tatu nilizokwenda, hivyo watu walikuwa wakizishuka kwa miguu wakishikilia mkono wa mpira. Mama, ambaye hakuwa amefika hapo kwa miaka mingi, alikaa kwenye benchi, akatazama huku na huku, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mahali hapa pana mwenyewe?"

Supamaketi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ukiitazama kutoka mlangoni unaiona imejaa, kwa kuwa makopo ya nyanya, sabuni za unga na pakiti za tambi zimepangwa bila pengo kutoka mwanzo wa rafu hadi mwisho. Nilinyoosha mkono kuchukua kopo la pili nyuma ya lile la kwanza, na mkono wangu ukagusa bati la ukuta wa rafu. Makopo yote yalikuwa yamevutwa hadi ukingoni katika mstari mmoja tu, na nyuma yake palikuwa patupu. Upande wa vifaa vya nyumbani, rafu nzima iliyozoea kubeba majiko, birika na vyombo vya udongo ilikuwa imejazwa karatasi za chooni za aina moja, pakiti juu ya pakiti. Yeyote aliyewahi kuendesha duka atatambua dalili hiyo: mwenye duka ameacha kulipa wasambazaji kwa wakati, na wasambazaji wameanza kuleta mzigo wa kubahatisha.

Dar es Salaam imekwisha kuziona dalili hizo katika maduka makubwa zaidi ya hilo. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka nchini mwaka 2014 na kuyauza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Nakumatt yenyewe ilianza kuishiwa bidhaa mwaka 2017, na mwezi Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifilisiwe. Kisha ikaja zamu ya Game, duka ambalo wengi wetu tulilizoea Mlimani City tangu jengo hilo lilipofunguliwa mwaka 2006 katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kampuni mama yake, Massmart, ilitangaza mwaka 2021 kwamba inajitoa katika nchi kadhaa za Afrika, na mwaka uliofuata Game ikafunga milango hapa.

Jambo ambalo mnunuzi wa kawaida halioni kwa urahisi ni jinsi kuondoka kwa duka moja kubwa kunavyoyavuta madogo yote. Mpango wenyewe wa majengo haya ulitoka Marekani. Southdale, lililochorwa na Victor Gruen na kufunguliwa mwaka 1956 karibu na Minneapolis, liliwekewa maduka mawili makubwa, Dayton's na Donaldson's, ili mtu anayetoka duka moja kwenda jingine apite mbele ya vioo vya wauzaji wadogo. Duka kubwa linapangishwa kwa kodi nafuu kwa sababu ndilo linaloleta watu. Muuza viatu wa fremu ndogo analipa kodi kubwa kwa kila mita ya mraba kwa sababu anauziwa, pamoja na chumba, miguu ya wapita njia. Mpangaji mkuu akiondoka, miguu inakwisha lakini kodi inabaki palepale. Kwa miaka mingi, tena, kodi hiyo katika majengo yetu mengi ilitajwa kwa dola, huku muuza viatu akipokea shilingi, hadi kanuni za mwezi Machi 2025 zilipopiga marufuku kutoza kwa fedha za kigeni bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi. Kwa wengi waliokwisha kufunga fremu zao, nafuu hiyo ilichelewa.

Sisemi kwamba wateja hawana kosa lolote, wala sisemi kwamba Kariakoo imewaonea wenye majengo. Mfuko wa mkazi wa jiji hili haujawahi kuwa wa kununua mboga, sabuni na mashuka mahali pamoja mwisho wa mwezi. Tunanunua kidogo kidogo, kwa Mangi aliye karibu na nyumbani, sukari robo na mafuta ya kupima, kwa kuwa fedha nazo zinaingia kidogo kidogo. Supamaketi za kigeni zilikuja na matoroli makubwa zikitarajia tutayajaza, na hata bidhaa ambazo viwanda vyetu vinatengeneza zilikuwa zinasafirishwa kutoka Afrika Kusini au Kenya, zikiongezewa gharama kila zilipovuka mpaka.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho maduka hayo yalitupa, na ndicho kinachonifanya niandike tathmini hii kwa uchungu kiasi. Kitu hicho ni kile kikaratasi cha bei.

Pasi niliyonunua katika jengo hili zaidi ya miaka kumi iliyopita ilikuwa na kikaratasi cha rangi ya machungwa kilichoandikwa Sh 28,000. Mimi nililipa 28,000, na mzee aliyekuwa nyuma yangu katika foleni, aliyevaa suti, angelipa 28,000 hiyohiyo, na msichana wa kazi aliyetumwa na tajiri wake angelipa hiyohiyo. Hakuna aliyenitazama viatu kwanza. Wiki moja baadaye pasi ilipoacha kupata moto, niliirudisha pamoja na risiti, mhudumu akaijaribu kwenye soketi mbele yangu, akanipa nyingine. Hakuniambia maneno yale tuliyoyazoea kwenye risiti za maduka yetu, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi.

Utaratibu huo una historia ndefu kuliko majengo yenyewe. Le Bon Marché ya Paris, tangu Aristide Boucicaut alipoingia katika biashara hiyo mwaka 1852, ilijijenga juu ya bei zilizoandikwa wazi na ruhusa ya kurudisha bidhaa, katika wakati ambapo mnunuzi alizoea kupatana na muuzaji kwa kila kitu. Mama yangu ana kumbukumbu ya bei moja ya namna nyingine kabisa: Tume ya Bei iliyoanzishwa mwaka 1973, maduka ya kaya, foleni ya alfajiri, na bei nzuri iliyoandikwa juu ya rafu ambayo haikuwa na sabuni. Anapozungumzia miaka ile haipambi. Alichoniambia tukiwa kwenye benchi ni kwamba bei ya kuandikwa bila bidhaa ni mateso, na bidhaa bila bei ya kuandikwa nayo ni mateso, ila ya pili inamchosha mtu polepole. Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile.

Kwa maana sasa tunanunua wapi? Miezi michache iliyopita nilinunua blenda kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye simtaji. Chini ya picha palikuwa na maneno "bei njoo inbox". Nilikwenda huko, nikaulizwa kwanza ninaishi wapi, ndipo nikapewa bei ya Sh 85,000. Dada yangu, aliyeuliza siku hiyohiyo kwa jina lake na kutaja mtaa wake, alipewa 70,000. Nililipa kwa simu, bodaboda akaleta mzigo jioni, na hadi hapo huduma ilikuwa nzuri kuliko ya duka lolote. Siku ya tatu jagi lilipasuka kwenye kitako. Nilituma picha, ujumbe ukasomwa, kisha namba yangu ikafungiwa. Sikuwa na risiti, sikuwa na anwani, na mlango wa kugonga sikuwa nao.

Kariakoo ni afadhali, kwa sababu duka lipo na mtu yupo. Kabla ya kwenda kwenye jengo hili nilipita Mtaa wa Kongo kuulizia pasi. Winga, yaani dalali anayewavuta wateja mtaani, alinidaka kabla sijafika dukani, akaniita "dada yangu", akanipeleka mahali ambapo pasi ilitajwa kwa Sh 65,000, ikashuka hadi 55,000, na nilipogeuza mgongo ikawa 48,000. Najua kwamba ndani ya bei hiyo mlikuwa na fungu la winga, na simchukii, kwa kuwa naye anatafuta riziki. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye haya, mgeni wa mjini, au mgonjwa asiye na nguvu ya kusimama na kubishana juani, anailipa 65,000 ile ile iliyotajwa kwanza. Mamlaka ya Mapato imetuhimiza kwa miaka mingi kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nilipoidai pale niliulizwa kama nataka bei ya risiti au bei ya bila risiti.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maendeleo ya dunia nzima, na kweli maduka makubwa yanafungwa hata kule yalikozaliwa. Sears ya Marekani iliomba kinga ya mufilisi mwezi Oktoba 2018, na Debenhams ya Uingereza, yenye asili ya mwaka 1778, ilifunga maduka yake ya mwisho mwezi Mei 2021. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa Uingereza aliyehamia mtandaoni aliikuta bei imeandikwa, na haki ya kurudisha bidhaa inalindwa na sheria inayotekelezwa. Sisi pia tuna sheria ya ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, ila bado sijamwona jirani yangu hata mmoja aliyeipeleka blenda iliyopasuka mbele ya Tume ya Ushindani.

Kwa anayekusudia kwenda katika jengo kama hili, ushauri wangu ni huu. Aende kwa ajili ya benki, kampuni za simu, duka la dawa na mgahawa wa ghorofa ya kwanza, ambao unapika wali na samaki wa nazi vizuri na unaandika bei kwenye ubao. Asiende kwa ajili ya mboga na matunda, kwani yamechoka na bei yake ni mara mbili ya ile ya sokoni. Kwa nguo, uchaguzi ni mdogo mno. Kwa vifaa vya umeme, kama vipo, mimi bado ningenunua hapo, na wenye majengo ningewaomba wampe fremu ya mlangoni, kwa kodi ya shilingi inayolipika, mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye yuko tayari kuandika bei na kupokea bidhaa mbovu. Wafanyabiashara wa namna hiyo wapo, nawafahamu wawili, na wanachoshindwa ni kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo.

Pasi niliipata katika ziara ya tatu, nyuma ya zile karatasi za chooni, zikiwa zimebaki mbili tu. Kikaratasi kilikuwa cheupe safari hii, kimebandikwa juu ya vingine viwili vya zamani: Sh 52,000. Ni elfu nne zaidi ya bei ya mwisho ya Mtaa wa Kongo, na sikubishana. Mama aliomba ijaribiwe kwanza. Mhudumu akatafuta soketi yenye umeme, akaipata ya tatu, tukasubiri pamoja mpaka bati likapata moto. "Risiti msiipoteze, mama," alisema akiikunja. "Mna siku saba." Nilimuuliza kama duka litakuwepo baada ya siku saba, na akanijibu kwa ukweli kwamba mkataba wao unakwisha mwezi wa sita.